Maua ya Njia ya Maji

Kila asubuhi kabla ya shule, Wakonyo alishuka na mtungi hadi kwenye chemchemi huko Murera. Ukungu ulifunika mashamba, na maua meupe yaliyojipanga mstari kando ya njia yalionekana yakielea. Alipenda kutembea polepole hapo, nusu macho, nusu ndotoni. Nyuma yake nyanya yake, Cucu, alimsemesha kwa Kikuyu. Wakonyo, aliyezaliwa mjini, hakukijua, ila alikuwa hodari wa kuitikia "ĩĩ" hata asipoelewa lolote.

Jumamosi moja aliyang'oa yale maua, akayapanda kwenye mikebe mlangoni mwao. Yalipendeza kweli.

Kesho yake baada ya kanisa, Gerishon, jirani aliyenunua ploti majuzi, alileta nguzo za uzio. Alitaka kuzisimika zikikatiza njia. Chemchemi ingefungwa, na wakazi hawakuwa na maji mengine. Wakakusanyika hapo hapo na mwenyekiti wao, Mzee Kahiga.

"Nionyesheni mpaka," Gerishon alisema. "Mimi naona nyasi tu."

Wazee wakaanza kusemezana kwa Kikuyu. Neno moja lilirudi mara kwa mara: matoka.

"Cucu, matoka ni nini?" Wakonyo alinong'ona.

"Si yale maua meupe? Wazee wetu walikubaliana wenyewe njia ya maji ipite wapi, wakayapanda. Hayang'olewi! Nimekuambia mara ngapi, nawe unaitikia tu?"

Wakonyo aliona haya hadi machozi yakamlengalenga. Akinyamaza, nani atajua? Lakini njia ingefungwa.

"Ni mimi niliyeyang'oa matoka, yale maua ya mpaka," akasema kwa sauti. "Mashimo bado yapo. Njooni muone."

Mashimo yalikuwa yamejipanga kutoka barabarani hadi majini. Gerishon aliyafuata moja moja hadi la mwisho.

"Basi nitasogeza nguzo," akasema. "Mimi pia nilizaliwa mjini. Neno hilo sikulijua."

Jioni hiyo waliyapanda upya, Gerishon akichimba, Wakonyo akimwagilia.

"Mpaka huu tuliuweka sisi wenyewe," Mzee Kahiga alimwambia Wakonyo, "na habari zake ziko ndani ya lugha yetu. Watoto wasipoijua, wengine watatuamulia mambo ya ardhi yetu. Usiitikie usichokielewa, mama. Uliza."

Asubuhi, katikati ya ukungu, Cucu alisema jambo nyuma yake. Wakonyo akasimama, akaweka mtungi chini.

"Cucu, umesema nini?"