Njoo na Jembe

Walikutana kwa ugomvi, na mwenye akili angejua tangu siku hiyo kuwa ugomvi utarudi. Ilikuwa saa sita mchana, ndani ya duka la vifaa vya kompyuta lililojaa watu mpaka mlangoni, kila mmoja ameshika kitu kibovu na anataka ahudumiwe yeye kwanza. Muuzaji alitoa chaja moja, ya mwisho, ya zile laptopu za zamani nene kama tofali. Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja. Mmoja wa dada mwenye gauni la bluu, raba nyeupe na kitambaa cha njano kichwani. Wa pili wa kaka mrefu mwenye shati la mistari lililopigwa pasi kisawasawa, miwani imemshuka mpaka puani.

"Dada, mimi ndiye niliyeanza kuulizia."

"Ulianza kuulizia. Mimi nilianza kushika."

Waliokuwa nyuma wakawaambia wakagombane nje, maana foleni si ya kwao peke yao. Dada alikuwa ameiweka laptopu yake juu ya kaunta ili muuzaji aone tundu la chaja, na skrini, kwa chembe ya chaji iliyobaki, ilikuwa bado inaonyesha kazi yake. Kaka akaitupia jicho. Akasahau ugomvi.

"Mabano yote hayo," akasema taratibu, "hiyo si Lisp?"

Lisp ni lugha ya kuandikia programu, ya zamani, imejaa mabano ndani ya mabano, na siku hizi wanaoijua si wengi. Hao wachache walikuwa na chaneli yao moja mtandaoni, watu kama mia tatu, wakiulizana na kusaidiana kutwa. Humo hakuna aliyetumia jina alilopewa na mama yake. Na humo kulikuwa na Karani, programu ndogo iliyowatunzia ujumbe wasiokuwepo: unamwachia maneno faraghani, naye humkabidhi mhusika siku atakapofungua mdomo, mbele ya wote.

"Kwenye chaneli wewe ni nani?" dada akauliza.

"Anza wewe."

"Pilipili."

Kaka akaiachia chaja. "Mimi ni Kobe."

Miaka miwili walikuwa wakibishana na kuokoana humo ndani. Dada alidhani Kobe ni babu wa watu mwenye kipara. Kobe alidhani Pilipili ni mwanaume mwenye masharubu. Walicheka mpaka muuzaji akakasirika. Pilipili aliondoka na chaja, Kobe akaondoka na namba ya simu.

Miezi minane wakapendana bila kujificha. Kobe alipiga simu kila asubuhi kumuuliza Pili wake kaamkaje, na akichelewa mahali husema kobe hafiki haraka, ila hufika. Kasoro ilikuwa moja. Pilipili akimuuliza jambo la kazi, Kobe alivuta laptopu upande wake, akagonga gonga, akairudisha: shika mpenzi, imeisha. Mwanzoni ilikuwa tamu. Baadaye ikaanza kumwasha. Hata hivyo shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, alishapanga Jumapili ya kijana kuja nyumbani aseme alilonalo moyoni.

Jumatano kabla ya Jumapili hiyo, mambo yakaharibika.

Pilipili alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Programu ya kupanga magari iliandikwa kwa Lisp na mhandisi aliyekwisha kustaafu, na Pilipili ndiye aliyeirithi. Wiki hiyo aliongeza kipande cha magari mawili mapya. Jumatatu sawa. Jumanne gari la kwanza likapangiwa mizigo ya jana pamoja na ya leo. Jumatano ikawa mizigo ya siku tatu, na hospitali moja ikapiga simu kusema wagonjwa wamelala kwenye magodoro matupu. Msimamizi akaja kusimama nyuma ya kiti chake, mikono kifuani.

Angeweza kumpigia Kobe, naye angeimaliza kabla chai haijapoa. Hakutaka. Kazi ni yake, mshahara ni wake, kwa nini kila siku aokolewe kama kifaranga kilichoanguka kisimani? Akaingia kwenye chaneli kwa jina jipya, SikuMbili, maana mgeni hupewa siku mbili za kukirimiwa. Akabandika kipande cha programu, akasalimia, akauliza kwa adabu.

Jibu lilikuja dakika hiyo hiyo, na lilitoka kwa Kobe.

"SikuMbili, hayo mabano uliyahesabu kwa vidole? Futa yote. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zako zimeisha, kalime."

Watu wakamiminika kucheka, mstari juu ya mstari. Msimamizi, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, naye akacheka, tena kwa sauti. Kufika saa saba, wanaokunja mashuka walikuwa wakimwita Mkulima, na mlinzi wa getini akamuuliza kama mvua zimeanza.  Pilipili alikuwa na hasira mpaka masikio yanapiga kelele.

Siku hiyo walikuwa wameahidiana kula pamoja. Kobe akafika mgahawani uso umekunjuka, akavuta kiti, akasema leo amecheka jamani. Akamsimulia habari za mgeni mmoja aliyeingia chaneli na programu iliyofungwa fungwa kama mzigo wa mtu anayehama. Akafika kwenye lile neno la jembe, akalisema polepole, kisha akasubiri achekewe.

"Halafu huyo mtu akafanyaje?" Pilipili akauliza.

"Akapotea. Wa namna ile hawarudi."

"Hakupotea. Amekaa mbele yako, anakunywa chai."

Kobe alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Pili. Ningejua ni wewe..."

"Hapo hapo. Ungejua ni mimi. Kwa hiyo mimi nina heshima kwa sababu ni wako, na mtoto wa mwenzio je? Siku nikikuchosha, nikawa kama watu wengine, na mimi nitaambiwa nikalime?"

"Na wewe ulijificha kwa nini? Mimi nipo, simu ipo."

"Nikikuuliza wewe, unanifanyia. Mimi nilitaka kufundishwa."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kobe. Pilipili akamwambia Jumapili haipo tena. Asipige simu, asije, asimtume mtu, na akikanyaga kwao ataitiwa polisi. Akaacha chai yake nusu kikombe, akatoka, na kabla hajavuka barabara alikwisha kuifungia namba ya Kobe.

Kosa la programu alilipata mwenyewe Jumapili mchana, saa ambayo mgeni angekuwa sebuleni. Kulikuwa na orodha iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe. Yeye alidhani kila asubuhi inaanza tupu. Kumbe unachokiongeza leo kinagandia humo humo, na kesho inaamka na mambo ya jana. Dawa yake ni kutengeneza orodha mpya kila siku. Mstari mmoja tu. Mtu angeweza kumwambia kwa maneno kumi, lakini huyo mtu alikuwa na kazi ya kuchekesha umati. Badala ya kupoa, hasira ikapanda.

Magari yakanyooka. Jina la Mkulima halikuondoka. Na wiki tatu zilizofuata Pilipili hakuandika neno kwenye chaneli, si kwa jina la zamani wala lile jipya, ila kusoma alisoma kila mchana, kwa ajili ya kujichochea tu. Aliyoyasoma yakamzidishia. Kobe alikuwa amegeuka. Mtu akija na swali la mtoto mchanga, Kobe anamwuliza kwanza amejaribu nini, anamwongoza hatua kwa hatua, mwisho anamshukuru kwa kuuliza. Anamshukuru!

"Anajikosha," Pilipili akamwambia shangazi yake, huku akikatakata vitunguu kama vimemtukana. "Watu baki anawabembeleza. Mimi hata samahani sijaisikia. Angekuwa ananipenda angekuja mlangoni."

"Si ulimwambia akija unaita polisi?"

"Nilisema."

"Basi mwanangu, asipotii kosa, akitii kosa. Huyo kijana afanye lipi?" Shangazi akamnyang'anya kisu, kwa usalama wa vitunguu. "Hasira si mbaya. Lakini hiyo yako unailisha, na kitu ukikilisha kinakua."

Pilipili akanuna. Alijua anasemwa kweli, na hilo nalo likamuudhi.

Alhamisi mchana, kiwandani, mashine zikinguruma ukutani, aliona mgeni ameingia kwenye chaneli. Alijiita Bubu. Aliomba radhi mara tatu kabla ya kuuliza, kisha akabandika programu yake: orodha yangu, alisema, kila siku inaamka na mambo ya jana, sijui nimekosea wapi, na bosi wangu yuko nyuma yangu. Kobe hakuwepo. Mmoja wa wazoefu akajibu upesi: "Mwingine wa jembe huyo." Wengine wakaanza kucheka. Utani wa Kobe ulikuwa umezaa watoto.

Pilipili hakumbuki aliingiaje. Vidole vilijua vyenyewe jina la kutumia. Akaingia kama SikuMbili, akaandika: "Bubu, usifute kitu. Mimi nilikosea hivyo hivyo. Sema umejaribu nini, nikuelekeze."

Akabonyeza. Na hapo Karani, aliyekuwa akisubiri wiki tatu afungue mdomo, akaanza kumkabidhi vyake.

SikuMbili, una ujumbe kumi na tisa kutoka kwa Kobe.

Wa kwanza uliachwa jioni ya siku ile ile ya Jumatano. "Nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo ninapokuomba radhi. Samahani. Orodha yako imeandikwa ndani ya programu. Tengeneza mpya kila asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kukujibu."

Pilipili akaweka mkono mdomoni. Siku nne nzima alitafuta, na jibu lilikuwa limekaa pale pale likimngoja.

Wa tatu: "Umesema nisipige, nisije, nisitume mtu. Karani si mtu."

Wa saba: "Leo na mimi nina hasira. Ulinipa mtihani bila kuniambia ni mtihani. Lakini nilifeli, sikatai."

Wa kumi na moja: "Leo kaja mtu na swali la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kuona. Neno kali lilikuwa limeshaandikwa. Nililifuta. Ilinichukua muda, nilikuwa nalipenda."

Uliofuata ulisema amempata mtu mwingine wa kumfundisha na hakugusa kazi yake hata herufi moja. Mingine ilikuwa mistari mifupi ya kumuuliza kaamkaje, kama zamani. Wa mwisho uliachwa asubuhi ya leo: "Sijui kama utakuja kusoma haya. Mwambie shangazi, Jumapili yoyote nipo."

  Bubu akaandika: "Samahani, nimeingilia mambo ya watu? Naweza kurudi kesho."

"Kaa hapo hapo," Pilipili akamjibu, macho yanamwuma. "Bosi wako bado yuko nyuma yako?"

"Bado."

"Basi tumalize yako kwanza."

Akamfundisha. Ilichukua nusu saa, maana Bubu alikuwa mzito kweli, na mara mbili Pilipili alitamani aandike mstari wote mwenyewe amalize. Hakuuandika. Bubu alipoupata akashangilia kwa herufi kubwa. Katikati ya shangwe hiyo ukatokea mstari mdogo wa kusema Kobe ameingia.  Kila mtu alijua anasoma.

"Kobe," Pilipili akaandika, mbele ya wote. "Jumapili, saa nane mchana. Njoo na jembe."

Jumapili, saa nane kasorobo, Kobe alibisha hodi. Shati lile lile la mistari, viatu vinang'aa, na mkononi jembe jipya limefungwa gazeti. Akamwamkia shangazi, akaitikiwa.

"Hicho ni nini, baba?"

"Jembe, shangazi. Niliambiwa nije nalo."

"Umekuja kulima au kuoa?"

"Nimekuja kuoa. Ila nitaanza na nitakachopewa."

Shangazi akamtazama toka juu mpaka chini, akampitisha jikoni, akamtoa uani kwenye kipande cha ardhi alichokuwa akitaka kukipanda mboga miaka nenda miaka rudi, kigumu kama sakafu. Kobe akakunja mikono ya shati. Alilishika jembe mwishoni kabisa, viganja vimebanana, akalipiga chini kwa nguvu zote. Likadunda, nusura limvunje miwani. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Pilipili alikuwa amesimama mlangoni. Maneno anayo. Alikuwa ameyakusanya wiki tatu, makali yote, na hapa ndipo mahali pake: mtu hajui hata kushika jembe, na shahidi yupo. Kobe akainua uso, jasho linamtiririka, akangoja apigwe nayo.

"Bado nina hasira," Pilipili akasema.

"Najua."

"Sijamaliza hata nusu."

"Najua, Pili."

Akashuka uani. Akaushika mkono wa kulia wa Kobe, akausogeza mbele kwenye mpini, akaurudisha wa kushoto nyuma.

"Huu hapa, huu pale. Usilipigize. Liinue, liache lishuke lenyewe."

Kobe akamnyooshea jembe ili amwonyeshe. Pilipili akaficha mikono nyuma.

"Mimi silishiki. Lima wewe, nakutazama."

Akalima. Tuta la kwanza likaenda upande. Pilipili akamwambia aanze jingine.