Siku Nyaya Zilipokaa Kimya

Kila asubuhi, kabla ya kuloweka hata soksi moja, Mama Pacha alimuuliza mama mkwe wake swali lilelile.

“Bibi, zinasemaje leo?”

Bibi alikaa kitako kitandani, akageuza sikio kuelekea dirishani, akasikiliza. Alikuwa akizisikiliza nyaya. Mbele ya nyumba yao palikuwa na uwanja mrefu wa majani, na juu ya uwanja huo ilipita laini kubwa ya umeme, ile inayobebwa na minara ya chuma. Hewa ikiwa na unyevu, nyaya zilivuma kama mafuta kwenye kikaango. Hewa ikiwa kavu, zilinong'ona tu.

“Zinavuma,” Bibi alizoea kusema. “Leo shuka hazikauki. Fua nguo nyepesi.”

Na kweli, shuka hazikukauka. Bibi hakukosea, na alijua kwamba hakosei, na alihakikisha mtaa mzima unajua.

Mama Pacha alikuwa dobi. Alifua shuka za zahanati na nguo za majirani, kwa mikono yake miwili, kwenye mabeseni yaliyopangwa uani. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa masufuria. Alikaa barazani akigonga na kuziba matundu tangu asubuhi. Watoto wao pacha walikuwa shuleni. Kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa ya watu wazima watatu na kelele za nyundo.

Pale sebuleni, chini ya kitambaa cha maua, ilikaa mashine ya kufulia. Ilikuwa nzima kabisa, ila haikufanya kazi. Umeme wa mtaa ule ulikuwa dhaifu. Jioni taa ziliwaka rangi ya chungwa. Mashine ikiwashwa iliguna, ikatikisika kidogo, ikakata tamaa. Basi ikageuka kuwa meza. Juu yake palikuwa na redio, picha ya harusi na chupa ya chai.

“Mwenzangu ana mashine ya kufulia,” Baba Pacha alizoea kuwaambia wageni, “lakini inayofua ni mikono yake.”

Mama Pacha alicheka nao, lakini jioni alikanda vidole vyake kwa maji moto na hakuwa na kicheko.

Kisha wakaja mafundi wa laini. Walikuja na malori, winchi za kuvutia nyaya na magurudumu makubwa ya waya. Pembeni ya minara ya zamani walisimamisha minara mipya, mirefu zaidi. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke mwenye kofia ngumu nyeupe na sauti iliyofika kilele cha mnara bila kipaza sauti. Vijana wake walimwita Fomeni, na kila mtu akamwita hivyohivyo.

Siku moja Fomeni alipita uani kuomba maji ya kunywa. Mama Pacha hakumwacha aondoke hivihivi.

“Dada, nisaidie. Umeme wote ule unapita juu ya kichwa changu. Mbona ndani sipati hata wa kuzungusha mashine?”

Fomeni akavuta kigoda, akaketi.

“Ule wa juu hauwezi kuingia nyumbani, mama. Ni mkali mno, ungeunguza kila kitu. Kwanza unakwenda kituo kikubwa, unapunguzwa makali, halafu ndipo unarudi huku mtaani kwa nyaya ndogo.”

“Na kwa nini unarudi umechoka?”

Fomeni akacheka. “Laini hii ilijengwa zamani, nyumba zikiwa chache. Sasa mji umekua, nyaya ni zilezile. Ukizibebesha umeme mwingi zinapata moto. Zikipata moto zinarefuka, zikirefuka zinashuka. Tazama pale katikati ya minara. Unaona zilivyolegea?”

Mama Pacha akatazama. Miaka yote alianika chini yake na hakuwahi kujiuliza.

“Tunaweka nyaya nene, juu zaidi,” Fomeni akaendelea. “Na kituoni wanafunga mitambo mikubwa. Tukimaliza, mashine yako itazunguka.”

Mama Pacha alishika mdomo. Usiku ule alikiondoa kile kitambaa cha maua, akaipangusa mashine ndani na nje, akakirudisha.

Lakini Fomeni alikuwa na jambo jingine. Kamba za kuanikia zilizokuwa uwanjani zilipaswa kuondoka.

“Njia ya umeme si mahali pa kuanika, wala kujenga, wala kupanda miti mirefu,” alisema. “Anikeni nyuma ya nyumba, upande wa pili.”

“Kule hakuna upepo,” Baba Pacha akalalamika. “Labda niweke nguzo ndefu, hapa pembeni mwa uwanja.”

“Shemeji, usisimamishe kitu chochote hapa. Jumamosi tutazima laini ya zamani ili tuunganishe mpya. Hata siku hiyo, subiri. Nitakuja mwenyewe kuwaambia mahali gani panafaa.”

Wote watatu wakaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Jumamosi ilikuja na upepo mkavu na jua kali. Mama Pacha aliamka mapema kuliko jogoo wa jirani. Shuka za zahanati zilikuwa tayari zimejaa mabeseni mawili, na zilitakiwa jioni ileile, maana wagonjwa walikuwa wakilalia magodoro matupu. Kamba za zamani zilikwisha kung'olewa. Nyuma ya nyumba, kamba fupi ilikuwa imejaa tayari.

“Bibi, zinasemaje leo?”

Bibi akageuza sikio. Akasikiliza. Akakunja uso, akasimama, akatoka hadi uani na kusikiliza tena.

“Hazisemi kitu,” alisema. “Hata mnong'ono sisikii. Zimezimwa.”

“Una hakika, mama?” Baba Pacha aliuliza.

Bibi alimtazama mwanawe kama mtu aliyetukanwa. “Mimi nimelala na nyaya hizi miaka mingi kuliko niliyolala na baba yako. Zimekufa. Nenda kafanye kazi yako.”

Nani angebishana naye? Masikio yale hayakuwahi kukosea. Tena leo ndiyo siku iliyotangazwa. Kule mbali mafundi walionekana wakizunguka winchi, na Mama Pacha akaona kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Alimkumbuka Fomeni aliyesema wasubiri. Akatazama mabeseni. Akanyamaza, na baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule.

Baba Pacha alikuwa ameunganisha mabomba mawili ya chuma kuwa nguzo moja, ndefu kuliko paa. Aliipenda nguzo ile. Aliiburuta hadi pembeni mwa uwanja, karibu na shimo alilochimba tangu jana, mahali ambapo nyaya zililegea zaidi.

“Mama Pacha, kanyaga huku mwisho isiteleze. Mimi nainua.”

Mke akakanyaga. Mume akainama, akashika ncha ya pili, akaanza kuinua huku akitembea kuja mbele. Bomba likapanda. Likafika kifuani, likafika begani. Bibi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwaelekeza kama kawaida yake.

Filimbi ililia. Ikalia tena, ndefu, ya kukata masikio.

“Laza! Laza chini!”

Fomeni alikuwa akikimbia kutoka kwenye lori, kofia imemtoka kichwani. Kwa kipindi chote cha kazi ile hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hicho ndicho kilichomtisha Mama Pacha kuliko filimbi.

“Laza, mume wangu,” alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Laza polepole.”

Baba Pacha alirudi kinyumenyume, bomba likishuka pamoja naye, mpaka likalala kwenye majani. Fomeni alifika akihema. Kwanza aliwasogeza wote hadi ukutani mwa nyumba. Kisha ndipo akasema.

“Laini haijazimwa.”

Bibi akafungua mdomo. “Lakini zimekaa kimya. Nimesikiliza mwenyewe.”

“Haijazimwa, bibi. Kituo kimetuomba tungoje. Bado umeme wote wa mji unapita pale.”

Akamwita fundi mmoja. Fundi akaja na fimbo ndefu ya njano, si ya chuma, na kwenye ncha yake kulikuwa na kifaa kidogo. Alivaa glavu nene, akasimama mahali Fomeni alipomwonyesha, akaielekeza fimbo juu. Haikukaribia hata kugusa. Kifaa kikaanza kulia kwa ukali na taa nyekundu ikawakawaka.

“Hiki ndicho kinachojua,” Fomeni alisema. “Masikio hayajui. Ule mvumo unatoka kwenye matone ya maji na uchafu unaokaa juu ya waya. Ndiyo maana hewa ikiwa na unyevu unausikia sana. Wiki iliyopita mvua iliziosha nyaya, leo upepo ni mkavu. Hakuna cha kuvuma. Lakini umeme upo palepale.”

“Tusingegusa,” Baba Pacha alisema. “Nguzo isingefika.”

“Si lazima iguse, shemeji. Umeme wa laini kubwa unaruka. Ukikaribishiwa chuma unaruka hewani, unapita kwenye chuma, unapita kwako, unakwenda ardhini. Na mwenzako amekanyaga mwisho wa bomba.”

Baba Pacha aligeuka kumtazama mkewe, kisha miguu yake aliyokuwa amekanyagia bomba. Aliketi chini palepale, nyundo ya masufuria ingali kiunoni. Mama Pacha naye akaketi, akamshika mkono. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mchana, lakini siku ile walishikana.

Bibi ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Alikuwa ameegemea mlango, machozi yakimtoka.

“Nilikuwa nimuue mwanangu,” alisema. “Kwa masikio haya.”

Fomeni akamwendea. “Bibi, unachokisikia ni kweli. Unasikia unyevu. Hakuna kosa katika hilo. Kuzimwa ni habari nyingine. Hata sisi, kituo kikituambia kimezima, hatuamini. Tunapima kwa kifaa. Halafu tunafunga nyaya za kuiunganisha laini na ardhi, ili umeme wowote uliobaki, au utakaorudi kwa bahati mbaya, uende ardhini usimpate mtu. Ndipo fundi anapanda.”

“Mnapima kila mara?”

“Kila mara. Hata mimi niliyesomea kazi hii.”

Bibi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. “Basi mimi nani nisipime,” alisema.

Shuka za zahanati zilikuwa bado kwenye mabeseni. Fomeni alizunguka nyuma ya nyumba pamoja na Baba Pacha, mbali na laini. Wakachagua mahali. Nguzo fupi za mbao, kamba za nailoni. Majirani wakaja kusaidia, na kabla ya adhuhuri shuka zilikuwa zikipepea. Upepo ulifika kule pia, kinyume na alivyodhani Baba Pacha.

Mchana laini ilizimwa kweli. Safari hii Bibi hakusikiliza. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, akakitazama kile kifaa cha fimbo ya njano kikipandishwa. Kikakaa kimya. Mafundi wakafunga nyaya za ardhini, wakakaguana mikanda, wakapanda. Kamba nyembamba ikapitishwa juu ya minara mipya, ikavuta kamba nene, nayo ikavuta waya mpya unaong'aa. Winchi ilinguruma. Kila waya ulipokaa sawa, mtaa ulipiga vigelegele. Pacha, waliokuwa wamekaa kwa jirani tangu asubuhi, walipiga kelele kuliko wote. Na Mama Pacha, ambaye asubuhi ile angeweza kuwa mjane au maiti, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kazi iliendelea siku kadhaa. Kisha jioni moja taa za mtaa zikawaka nyeupe.

Mama Pacha aliondoa redio, picha ya harusi na chupa ya chai. Akakiondoa na kitambaa cha maua. Akatia shuka, maji na sabuni. Akabonyeza kitufe.

Mashine iliguna kama kawaida yake. Kila mtu akavuta pumzi. Kisha ikazunguka. Ikaongeza mwendo, ikatetemeka, ikaanza kutembea yenyewe kuelekea mlangoni.

“Ishikeni, inatoroka,” Bibi alisema, na kabla ya mtu kufika alikuwa ameikalia. Alitikisika juu yake, meno yakigongana, akicheka. Mama Pacha alicheka mpaka akalia, akaitazama mikono yake mikavu, akaendelea kulia. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Siku hizi bado anauliza kila asubuhi, “Bibi, zinasemaje leo?” Na Bibi bado anajibu, na bado hakosei kuhusu shuka.

Juzi, mchana wa jua kali, jirani wao fundi wa antena alitokea uwanjani na bomba refu begani. Alikuwa akitafuta mahali pa kujaribishia mlingoti. Alisimama chini ya nyaya mpya, akainua kichwa, akasikiliza.

“Kumbe leo zimezimwa,” alisema. “Kimya kabisa.”

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Aliinuka, mboga zikamwagika. Hakuna aliyejua kwamba mwanamke yule anaweza kutoa sauti kubwa kiasi kile.

“Laza bomba, mwanangu. Laza chini.”

Jirani akashtuka, akalilaza.

“Bibi, si wewe unayesikia nyaya? Kwani hazijanyamaza?”

“Zimenyamaza,” Bibi alisema, akamshika mkono na kumtoa nje ya uwanja. “Masikio yangu yanajua kukauka kwa nguo. Ya umeme waulize wenye kifaa.”