Mguu wa R

Shoga yangu Solange, wa Lyon, alikuwa akizihamishia kwenye kompyuta herufi za chapa zilizochongwa kwenye chuma na fundi aliyekufa zamani. Mguu wa R ulikuwa umepinda, akaunyoosha. Kesho yake akaukuta umepinda vilevile.

"Mwachie marehemu mguu wake, bibi wee," mumewe Anselme akamwambia.

"Marehemu apumzike. Kazi hii inatoka kwa jina langu, na mimi sitoi kilema."

Jioni umeme ukakatika. Gizani, pale pale mezani, ikasikika tupa ikikwaruza chuma taratibu.

"Kwaruza utakavyo, babu," akasema Solange. "Mimi nitanyoosha."

Mkwaruzo ukakoma. Taa ziliporudi na kompyuta kuwaka, mguu ulikuwa umepinda zaidi. Solange akapeleka vidole kwenye vibonye aanze upya, vikazama katika unga wa chuma, bado wa moto.