Simu Zilizofuliwa Jumamosi

JUMAMOSI. SAA TISA ALASIRI.

Chumba cha nyuma ya duka la dobi kilinuka sabuni na mvuke. Mashine tatu ukutani. Meza moja ya kupigia pasi. Juu ya meza, mahali pa mashati ya watu, palikuwa na ramani ya jengo iliyochorwa kwa kalamu nyekundu.

Dobi alisema. Wawili walisikiliza.

"Kesho Jumapili. Jengo lote limefungwa, amebaki mlinzi wa mlangoni. Lifti imekufa tangu Jumatano. Mafundi wa lifti ndio sisi. Saa nne na nusu tunaingia. Ghorofa ya tatu, ofisi ya mnunuzi wa dhahabu. Saa sita kasorobo tuko nje."

"Kamera?"

"Umeme wa kamera na wa lifti unapita sanduku moja. Nikizima huu, ule umezimika."

Aliyeuliza ni Breki, dereva. Aliitwa Breki kwa sababu hakuwa na habari nazo. Wa tatu hakuuliza kitu. Huyo alikuwa Fundi, mtengeneza kufuli, maneno machache na vidole vyepesi. Sefu ilikuwa kazi yake. Alikuwa pia shemeji yake Dobi: alimwoa dada yake wa pekee, na miezi kumi na moja iliyopita walimzika pamoja, bega kwa bega, bila mmoja kuweza kumtazama mwenzake.

Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu hapo. Hakurudi kwa tamaa ya dhahabu. Alirudi kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

"Simu," Dobi akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya genge. Siku moja kabla ya kazi, simu zote huingia mashine namba tatu, pamoja na laini zake. Maji ya moto, dawa ya madoa, saa nzima. Wengine huvunja simu kwa nyundo. Dobi aliwacheka. Nyundo huacha vipande, alisema, maji ya moto hayaachi kitu. Kwa miaka minne alikuwa amefua simu zake kumi na moja na kubadili namba mara kumi na moja, na hakuna askari aliyewahi kumgongea mlango.

Breki alitupa yake kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Fundi aliishika yake.

"Shemeji."

"Naiweka."

"Basi weka. Mbona unaiangalia kama mtoto anayekwenda bweni?"

Fundi akaiweka. Mashine ikaanza kunguruma. Lakini laini haikuwa ndani ya simu ile. Ilikuwa kwenye pochi yake, imekunjwa katika karatasi. Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza alilifanya asubuhi.

SIKU HIYOHIYO. SAA TATU ASUBUHI.

Mkewe aliugua koo. Hospitalini, miezi mitatu ya mwisho, sauti ilibaki mnong'ono, na kwenye simu ya kawaida hakusikika. Basi akawa anarekodi. Anausogeza mdomo karibu, anasema, anatuma. Sauti mia mbili na kumi na nne. Fundi alizihesabu, naam, alizihesabu kama mtu mwingine anavyohesabu mifugo. Na saa tisa ya siku ile simu ilikuwa na miadi na maji ya moto.

Akaenda duka la simu. Binti wa dukani alikuwa anatafuna kalamu.

"Karibu, mzee. Imekufa?"

"Haijafa. Nataka sauti hizi zisipotee. Hata simu ikiungua."

"Tunazipeleka hifadhi ya mtandaoni. Hazitakaa tena kwenye simu tu, zitakaa huko." Akaonyesha juu kwa kalamu, kana kwamba huko ni kwa malaika. "Ukipata simu nyingine unaweka laini yako, unaandika neno la siri, vinarudi."

"Vyote?"

"Vyote, mzee. Yenyewe haichagui."

Hapo ndipo. Mtu anayeweza kusikia pini ya kufuli ikidondoka ndani ya chuma hakusikia neno lile. Aliposikia "vyote", aliwaza mia mbili na kumi na nne. Hakuliwaza kundi la ujumbe la genge lililokaa juu kabisa ya orodha yake, Nguo Safi, lenye ramani ya jengo, picha za mlinzi akipokezana zamu, na sauti ya Dobi mwenyewe akieleza nani atafanya nini saa ngapi. Nimewajua wezi wajinga. Huyu hakuwa mmoja wao. Alikosa tu moyo wa kumzika mkewe mara ya pili.

JUMAPILI. SAA NNE NA DAKIKA THELATHINI NA MBILI ASUBUHI.

Ovaroli za bluu. Kofia. Sanduku la vifaa. Breki akabaki kwenye gari, injini inaunguruma polepole.

Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani na daftari. Akaandika majina waliyompa, yote ya uongo. Akatoka nje akaandika na namba ya gari.

"Jumapili pia mnafanya kazi?" akauliza.

"Lifti haijui Jumapili, mzee wangu," Dobi akajibu, na mlinzi akacheka.

Sanduku la umeme. Swichi. Kamera zikafumba macho. Ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlango wa ofisi ulimchukua Fundi dakika nne.

SAA TANO NA DAKIKA KUMI.

Sefu ilikuwa ya zamani, nzito, ya aina anayoipenda. Alipiga magoti. Dobi alishika tochi. Pini ya kwanza ikaachia, kisha ya pili. Uso wa Fundi ukalegea, mara ya kwanza kwa mwaka mzima, na akiwa hivyo, na furaha kidogo imemwingia bila ruhusa, akatoa zawadi aliyoitunza.

"Shemeji, siku ile ya matanga uliniuliza kama nina sauti yake. Ukasema wewe huna hata moja."

"Nilifua zote. Kwa mikono yangu." Akaisogeza tochi karibu na sefu. "Fanya kazi."

"Ninazo. Nimezihifadhi mtandaoni. Tukimaliza nitakuchagulia, usikie."

Tochi ikahama kutoka kwenye sefu ikammulika usoni.

"Umehifadhi nini?"

"Sauti zake."

"Sauti zake peke yake? Au simu yote?"

Fundi akamwona tena akilini binti wa dukani na kalamu yake. Alisikia neno lile upya, na safari hii alilisikia sawasawa.

"Yenyewe haichagui," akasema polepole.

"Umetuua."

"Sikujua, shemeji. Wallahi sikujua."

"Maliza. Tukirudi unafuta."

Fundi alimaliza. Vidole vilikuwa baridi lakini vilimaliza. Vipande vya dhahabu viliingia sanduku la vifaa, na wakashuka ngazi bila kutazamana, kama siku ile ya maziko.

SAA SITA NA DAKIKA TANO.

Wakati gari likiegeshwa nyuma ya duka la dobi, mafundi wa kweli wa lifti walifika kwenye jengo. Mlinzi aliwaangalia. Akaliangalia daftari lake. Akainua simu.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI NA TANO.

Dobi aliwapa simu mpya, za baada ya kazi. Breki aliambiwa ukweli, na akausikiliza amesimama.

"Kwa hiyo jina langu liko hewani huko."

"Dakika mbili," Fundi alisema. Alikwisha kuweka laini. "Naingia, nafuta, kwisha."

"Fanya basi, unangoja nini?"

Fundi aliandika neno la siri. Hifadhi ikafunguka. Jina lake, tarehe ya jana, ukubwa wa mzigo. Kitufe cha kufuta kilikuwa pale, chekundu, wazi kabisa. Akasogeza kidole.

"Ngoja," Dobi akasema.

Wote wawili wakageuka. Bosi wa maji ya moto, mtu asiyeacha kitu, alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka ya hoteli, mikono katikati ya magoti.

"Zirudishe kwanza kwenye simu. Nisikie moja. Kisha futa."

"Shemeji, tufute tu."

"Moja."

"Nakuomba. Tufute."

Hili lilikuwa jambo la ajabu, na Dobi alipaswa kuliona. Mtu aliyehatarisha genge zima ili asizipoteze sauti zile sasa alikuwa anaomba kuzipoteza. Lakini Dobi hakuona chochote. Alikuwa na njaa ya mwaka mzima.

"Ni dada yangu," alisema. "Nimesahau alivyokuwa anasema. Unaelewa? Nakumbuka maneno, sauti siikumbuki."

Fundi alielewa. Akabonyeza kurudisha.

Asilimia nne.

"Inachukua muda gani?" Breki akauliza.

"Mtandao wa hapa mbovu. Labda nusu saa."

"Nusu saa! Gari limeandikwa namba, nilimwona mlinzi kwa macho yangu. Nyie mna wazimu?" Akamgeukia bosi. "Dobi! Ni wewe uliyetufundisha. Hatuachi kitu!"

Asilimia kumi na moja.

"Mimi siendi jela kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa," Breki akasema. Akachukua sanduku la vifaa, zima, na hisa za watu wote watatu zikiwa ndani. Akangoja mmoja wao amzuie. Hawakumzuia. Mlango ukapigwa, gari likaondoka kwa kelele.

SAA SITA NA DAKIKA THELATHINI.

Breki alisimamishwa kwenye mzunguko wa barabara, si zaidi ya umbali wa kutembea kwa miguu. Hakupigwa hata kofi. Alisema yote kabla hajafungwa pingu.

SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI NA TANO.

Asilimia mia.

Orodha ikajaa. Nguo Safi juu. Chini yake, yeye.

"Sikiliza za mwanzo," Fundi alisema haraka. "Kuna moja anamcheka nesi. Hiyo nzuri. Nipe nikuonyeshe."

Lakini simu ilikuwa mkononi mwa Dobi, na kidole cha Dobi kilikuwa kimeshateremka hadi mwisho. Nani asingefanya hivyo? Kila aliyefiwa hutaka neno la mwisho. Akabonyeza moja ya wiki ile ya mwisho.

Mnong'ono ukatoka, mkavu, karibu sana.

"Mume wangu. Kaka amekupa namba yake mpya? Nimempigia tangu asubuhi, wananiambia haipatikani. Sina neno kubwa. Nataka nimsikie tu. Akikupigia mwambie... mwambie mimi sijakasirika."

Ikaisha. Mashine namba moja ilikuwa inazungusha nguo za mteja fulani.

Wiki ile Dobi alikuwa na kazi nyingine, kazi ambayo Fundi hakwenda kwa sababu alikuwa anauguza. Simu ikafuliwa. Dobi akajificha siku sita na namba isiyojulikana na mtu. Aliporudi alikuta watu wamekaa nje ya nyumba.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, shemeji?"

Magari yalisimama nje. Milango mitatu, minne. Miguu ya watu wanaojua wanakokwenda. Mtu akaupiga mlango wa mbele kwa ngumi, akataja jina la serikali.

"Futa," Fundi akanong'ona. "Bado tunaweza. Breki ni maneno yake dhidi ya yetu. Bonyeza hapo, shemeji, futa!"

Kitufe chekundu kilikuwa sentimita moja kutoka kwenye kidole cha Dobi. Alikitazama. Miaka minne ya maji ya moto ilikuwa kwenye kidole kile. Kisha akairudisha sauti mwanzo, akaibonyeza tena, na mlango ukavunjwa dada yake akiwa katikati ya kusema hana neno kubwa.

Waliwalaza chini wote wawili, mashavu kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Ofisa mmoja aliokota simu, akalifungua kundi la Nguo Safi, akapiga mluzi. Akamwita mwenzake aje aone. Kila kitu kilikuwa humo.

"Usiizime," Dobi akasema akiwa chini. "Afande, tafadhali. Isizimike."

"Tusiizime? Hii inakwenda mahakamani, rafiki yangu. Yote, toka mwanzo hadi mwisho."

Wakafungwa pingu, wakakalishwa ukutani, bega kwa bega. Safari hii Dobi ndiye aliyegeuka kumtazama mwenzake. Alikuwa analia bila kujificha, kama mtu ambaye hakuna tena anayemwogopa.

"Aliniulizia mara ngapi?"

Fundi alimtazama yule ofisa, ambaye sasa alikuwa anaiingiza simu kwenye mfuko wa plastiki na kuandika namba juu yake.

"Mara moja tu, shemeji," akasema. "Ni hiyo uliyoisikia."

Zilikuwa kumi na nne.