Visiki Kumi na Vinne

"Mwongo! Hakuna mtu anaweza kung'oa visiki kumi na vinne kwa siku mbili."

"Mimi nimeweza. Wewe endelea kulia na jembe lako."

"Silii, nauliza tu. Leo ni siku yangu ya nne na bado nimebaki na viwili."

"Si ni kwa sababu unachimba kama nyanya anayetafuta sindano!"

"Haya, nionyeshe mikono. Malengelenge yako wapi?"

Nakiru aliificha mikono yake nyuma ya mgongo. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya watoto ya Kakuma. Alimkunjia uso Thiong, mchezaji mwenzake kutoka upande wa kambi ya wakimbizi, akachukua mtungi wake na kwenda kupanga foleni ya maji.

Siku za likizo ya Agosti zilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi maji, halafu mbuzi wa baba, halafu uwanja. Na huo uwanja, kusema kweli, haukuwa uwanja. Ulikuwa umeliwa na mathenge, ule mti ambao miiba yake hutoboa viatu vya akala kama karatasi. Ukipiga mpira ukaenda pembeni, basi mpira umekufa. Watoto walikuwa wamezika mipira mitano mwaka huo.

Ndipo wafanyabiashara watatu wa mjini wakachoka kuona mambo hayo. Hamdiya, mwenye duka la jumla, alisema lori lake litaleta udongo mwekundu kutoka mlimani, bure. Anatole, fundi Mkongo wa kuchomelea vyuma, alisema atatengeneza milingoti ya goli kwa mabomba ya maji yaliyochakaa. Mama Apua, mchoma makaa, alileta majembe, mapanga na mtaimbo. Malipo yake yalikuwa kuni za mathenge yenyewe.

Watoto nao walipewa kazi yao. Uwanja uligawanywa kwa kamba za katani, vipande kumi na viwili, kila mtoto na chake. Mama Apua aliwaonyesha namna ya kufanya.

"Mti hii ni mjanja," aliwaambia. "Chimba mpaka uone mzizi mkubwa inashuka, halafu kata huko chini kabisa. Ukikata juu juu hujaua kitu. Umeinyoa nywele tu, na itarudi na ndugu zake wote."

Anatole naye akaongeza utamu. "Mwenye kumaliza wa kwanza, yeye ndiye atapiga mpira ya kwanza siku ya Lodwar."

Siku ya Lodwar! Timu ya watoto wa Lodwar ilikuwa ije Jumapili kwa lori la Hamdiya, likirudi na bidhaa. Nakiru alijiona tayari, watu wote wamesimama, yeye na mpira katikati. Lakini foleni ya maji ilikuwa ndefu, mbuzi walikuwa wakaidi, na kisiki cha kwanza kilimlia asubuhi nzima. Cha pili alikitazama, akatazama huku na huku. Akakikata kwa panga usawa wa ardhi, akasukumia mchanga juu kwa mguu. Kikapotea. Vingine kumi na viwili vikapotea vivyo hivyo, na Jumanne jioni akatangaza kwamba amemaliza.

Alhamisi Mama Apua alipita na toroli kukusanya kuni, kila rundo na mwenyewe. Alipofika kwa Nakiru alisimama.

"Rundo lako iko na mikono mingi, binti. Miguu iko wapi?"

"Visiki? Nilivipeleka nyumbani. Mama anapikia."

Mama Apua alimtazama kama mtu anayesikiliza iwapo chungu kimeanza kuchemka.

"Ejok," akasema, yaani sawa, akasukuma toroli lake. Nakiru alitamani angegombezwa.

Ijumaa saa mbili asubuhi kamba ziliondolewa na lori likaingia uwanjani, limesheheni udongo mpaka juu. Dereva wake, Yai, alikuwa akipiga honi kama bwana harusi. Watoto wakakimbia nyuma yake wakishangilia. Hamdiya alisimama kando na Anatole, buibui lake likipepea.

Halafu ikasikika: psssss!

Lori likainama upande mmoja. Yai aliruka chini, akapiga magoti, akafukua mchanga chini ya tairi. Kulikuwa na kisiki pale, kimekatwa kwa mshazari, kikali kama mkuki.

"Mungu yangu!" alisema Anatole. "Tairi ya Mama Hamdiya imekufa."

Hamdiya alikitazama kile kisiki, kisha akawatazama watoto mmoja mmoja. "Nilisema visiki vyote. Kipande hiki ni cha nani?"

Kamba zilikuwa zimeondolewa. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika mpaka ulipita wapi.

"Hapa ni kwa Thiong," mtoto mmoja alisema. "Yeye ndiye alimaliza mwisho, jana jioni."

"Si mimi," alisema Thiong. "Vyangu nimeng'oa vyote."

"Kila mtu hapa anasema ameng'oa," alisema Hamdiya. "Kumbe tairi ndiyo inasema ukweli peke yake. Kijana, mimi sikuja hapa kuchezewa. Wewe Jumapili hutacheza. Na kama kimebaki kimoja, vimebaki vingine. Yai, badilisha hiyo tairi, turudi. Udongo nitaupeleka kwingine."

Thiong alifungua mdomo, kisha akamtazama Nakiru. Alijua. Mtu aliyechimba jirani yako siku nne anajua. Lakini hakumtaja. Aliinamisha kichwa, akaanza kufungua vitambaa alivyofunga viganjani, na chini ya vitambaa malengelenge yalikuwa yamepasuka.

Nakiru aliona ile mikono. Akatazama yake, laini, imechafuka vumbi tu. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Kunyamaza hakutaki hata jasho. Mpira wa kwanza ungekuwa wake... lakini mpira upi, kama lori linaondoka? Na Thiong je?

"Ni changu," alisema.

"Sema kwa sauti," aliamuru Hamdiya.

"Hicho kisiki ni changu, Mama. Thiong hana kosa. Nilikata juu nikafunika na mchanga."

Watoto waliguna. Mmoja akapiga mluzi. Nakiru alihisi masikio yanawaka moto.

"Vingapi?" aliuliza Hamdiya.

"Nilipewa kumi na vinne. Niling'oa kimoja tu. Vimebaki kumi na vitatu pamoja na hiki."

Hamdiya alitazama jua, akatazama msikiti ulioonekana ng'ambo ya maduka. "Leo ni Ijumaa. Adhana ya adhuhuri ikilia na visiki viko humu, lori langu linaondoka na udongo wake. Ikilia na visiki havipo, tunamwaga. Sitaki kuambiwa. Nitakuja kuona."

Anatole alimletea Nakiru mtaimbo. "Shika hii, mtoto. Iko nzito sana, lakini haijui kudanganya."

Nakiru akaanza. Mchanga wa juu ulikuwa rahisi, lakini chini ardhi ilikuwa kama saruji. Mtaimbo uliruka ukamrudia. Kisiki cha kwanza kilipotoka, kiganja chake kilikuwa kimeanza kuvimba. Cha pili kilipotoka, kilikuwa kimepasuka. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori wakimtazama. Alipiga hesabu kichwani. Kwa mwendo ule, adhana ingemkuta kwenye kisiki cha tano.

Alisikia jembe likitua karibu naye. Alikuwa Thiong, vitambaa vimefungwa upya.

"Sijakusamehe," alisema Thiong bila kumtazama. "Nataka kucheza Jumapili, basi. Sogea, unachimba kama nyanya."

Nakiru nusura acheke, nusura alie. Alisogea. Baada ya muda mtoto mwingine akainuka, halafu wawili, halafu wote. Uwanja ukajaa vishindo. Mama Apua naye alifika na toroli lake. Alianza kupakia miguu ya yale mathenge iliyokuwa imekosekana.

Yai, kwa upande wake, alibadilisha tairi polepole kuliko dereva yeyote aliyepata kuishi Turkana. Alikaza nati, akailegeza, akaifuta kwa kitambaa, akaikaza tena. Hamdiya alikuwa amemwona. Alijifanya anasoma simu.

Adhana ilipoanza kulia, kilikuwa kimebaki kisiki kimoja, na watoto wanne walikuwa wamening'inia kwenye mtaimbo.

"Yai!" aliita Hamdiya. "Tayari?"

"Nati moja inanisumbua, Mama!"

Kisiki kikatoka, kra! Wote wanne wakaanguka chali. Hamdiya aliupita uwanja wote kwa miguu, akikwaruza mchanga kwa kiatu hapa na pale. Aliporudi alisema neno moja tu, "Mwageni," akaenda kuswali.

Jumamosi alfajiri lori lilienda Lodwar. Jumapili saa tisa lilirudi na watoto wa huko wakiimba nyuma, na wakakuta uwanja mwekundu, tambarare, na milingoti ya Anatole imepakwa rangi nyeupe isiyokauka vizuri. Kila aliyeishika aliondoka na alama.

Kabla ya mchezo Mama Apua alimwita Nakiru pembeni, akamfungua kiganja na kuyatazama yale malengelenge.

"Hii sasa ni mkono," alisema.

"Mama, Alhamisi ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilingoja sana, mpaka tairi ya mwenyewe ikaharibika, na hiyo ni kosa yangu pia. Nimemwambia Hamdiya hivyo." Alimwachilia mkono. "Sikiliza, binti yangu. Mathenge ukiizika, umeipanda. Uongo ni hivyo hivyo. Unaweka mchanga juu unasema imekwisha, na huko chini inatafuta mguu ya mtu. Na mara nyingi si mguu yako wewe. Juzi nusura iwe ya Thiong. Kazi fanya mpaka kwa mzizi. Na ukikosea, sema mapema, kabla lori haijaingia."

"Nimesikia, Mama."

"Ejok. Nenda, wanakungoja."

Anatole alikuwa katikati ya uwanja na mpira mpya chini ya kwapa. Alimpa Nakiru, maana ahadi ni ahadi, hata baada ya yaliyotokea Ijumaa. Watu wote walikuwa wamesimama, kama alivyoota. Nakiru aliushika ule mpira kwa mikono miwili iliyomuuma, akanusa ngozi yake, kisha akauweka mbele ya Thiong.

"Piga wewe."

"Kwani wewe hutaki?"

"Mimi sikumaliza wa kwanza. Na Ijumaa ulikuwa unabeba mzigo wangu bila kusema."

Thiong alikuna kichwa. "Basi ukifungwa leo usilaumu mikono."

"Piga mpira, wewe!" alisema Nakiru, akageuka, akatembea kuelekea golini kwake.