Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, siku alipobadilishiwa kioo cha mbele cha gari. Kioo kilishapachikwa, ikabaki kuipanga upya kamera inayotazama barabara na kulisaidia gari kufunga breki. Fundi alishusha mlango wa karakana ili jua lisiivuruge. Giza likatanda, na kompyuta yake ikakataa tena.

“Dada, nilisema gari liwe tupu, uzito unaipotosha kamera. Mashine inaona kuna mtu nyuma.”

“Mtu gani, kaka? Nimekuja peke yangu! Mwanangu ananisubiri shuleni, na wewe unanizungusha tangu asubuhi.”

Fundi akamulika ndani kwa tochi. Kiti kilikuwa kitupu. Akazima gari, akaliwasha tena. Kengele ya mkanda wa nyuma ikaanza kulia, ti, ti, ti, bila kukoma.

Rafiki yangu uvumilivu ukamwishia. Akalipiga gurudumu teke, akafoka, “Haya, kama upo, si ujifunge basi, tukamchukue mtoto!”

Mle garini, gizani, wakasikia mkanda ukivutwa taratibu. Kisha, kta. Kengele ikanyamaza.