Mifano Aliyoiruka Kiguu

Kila asubuhi ya likizo Kiguu aliamka kabla ya wote. Alifagia baraza, akaosha vyombo, kisha akaanza kuzungukazunguka nyumbani kama aliyepoteza kitu. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa kuwa msichana huyo alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kutembea.

"Njoo hapa," shangazi alimwita siku moja, akimsogezea kiti mbele ya kompyuta. "Leo nina kazi yako."

"Ya kukaa?"

"Ya kukaa. Pole sana."

Shangazi alikuwa akiandika maelezo ya zana ya kompyuta inayochota bei za zamani za sokoni: mahindi yaliuzwaje mwaka juzi, maharage yaliuzwaje mwaka jana. Watakaoitumia hawakuwa watu, bali wasaidizi wa akili bandia, zile programu zinazojibu maswali kwenye simu.

"Msaidizi hajawahi kufika sokoni," shangazi alieleza. "Anasoma maelezo yangu na kuyaamini yalivyo. Nami nikiyasoma, naona nilichokusudia, si nilichoandika. Nahitaji macho mengine. Jaribu kila mfano wa kuitumia zana ulio kwenye maelezo, kisha andika pembeni kilichotokea. Mfano ukigoma kufanya kazi, andika 'umegoma'."

Mfano wa kwanza ulileta tarehe na bei. Wa pili vilevile. Huko nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, na kila kamba ilipogonga chini, mguu wa Kiguu nao uligonga sakafu. Akaitupia jicho mifano iliyobaki. Yote ilifanana. Akaandika "sawa" mpaka mwisho wa ukurasa, akainuka.

"Umemaliza yote?" shangazi aliuliza alipomwona mlangoni.

"Yote!"

"Haraka hivyo? Haya, asante mwanangu."

Mchana shangazi aliiunganisha zana na msaidizi wa majaribio, aliyekuwa kwenye simu za wafanyabiashara wachache. Mmoja wao alikuwa mama yake Kiguu. Miaka yote mama alikuwa mshonaji; vitunguu alianza kuviuza mwaka huu, na akiba yake yote ilikuwa imelala kwenye magunia katika chumba cha nyuma. Hakujua auze sasa au angoje mwezi ujao.

Kiguu alipoingia kunywa maji, alimkuta mama ameishika simu, uso umemshuka.

"Nimeuliza mwaka jana ilikuwaje," mama alisema. "Msaidizi ananiambia katika mwezi kama huu ujao bei iliporomoka hadi chini ya nusu. Nimeshamwita mwenye lori. Heri nivitoe leo, hata kwa bei ya kutupa."

Kiguu alikimbilia kwenye kompyuta, akaujaribu mfano wa vitunguu, mmoja wa ile aliyoiruka. Majibu yakashuka kwenye kioo: sifuri, sifuri, sifuri, bei moja, halafu sifuri tena. Nani aligawa vitunguu bure?

Honi ya lori ililia nje. Kiguu alisimama, akakaa, akasimama tena. Akinyamaza, nani angejua? Sauti za wapakiaji zilisikika uani. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi.

"Shangazi, sikumaliza. Niliandika 'sawa' bila kujaribu. Na sasa mama anauza vitunguu!"

Shangazi hakufoka. Alivaa miwani, akazitazama zile sifuri. "Mwezi huo soko lilifungwa siku nyingi, wakibadilisha paa," alisema polepole. "Hakuna bei iliyoandikwa. Msaidizi amezihesabu sifuri hizi kama bei, na wastani ukaanguka. Mkimbilie mama yako!"

Kiguu alitoka kama mshale. Gunia la kwanza lilikuwa tayari begani mwa mpakiaji.

"Mama, usiuze! Jibu lina kosa, na kosa ni langu!"

"Mama, tupakie au tusipakie?" dereva aliuliza. "Au vitunguu vinasubiri mchumba?"

"Vinasubiri wifi yangu," mama alijibu. "Ngoja kidogo, baba."

Shangazi aliongeza sentensi moja kwenye maelezo: "Sifuri maana yake hakuna rekodi ya siku hiyo, usiihesabu kama bei." Mama akauliza upya. Msaidizi akajibu kwamba siku nyingi za mwezi huo hazina rekodi, na katika chache zilizopo bei ilipanda kidogo. Hizo hazitoshi kuwa na uhakika.

Mama alitafakari. "Basi nitauza vilivyoanza kuchipua. Vilivyokauka vizuri vingoje."

Dereva akaondoka na magunia machache, akinung'unika lakini akicheka.

Kiguu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nisamehe, shangazi."

"Umesema kabla lori halijaondoka, na hilo si dogo," shangazi alisema. "Lakini nisikilize. Zana yangu haikuijua bei, ikasema sifuri. Wewe hukuijua mifano, ukasema sawa. Ugonjwa ni mmoja. Kutojua si aibu, mwanangu. Ungeandika 'sijajaribu', ningejua pa kuanzia. Ulipoandika 'sawa', ulinifumba macho, nami nikamfumba mama yako. Sema unachokijua, na usichokijua kiseme pia, ili anayekutegemea asijikwae."

"Nimeelewa, shangazi."

Kiguu akafuta kila "sawa" aliyoiandika bila kujaribu, akavuta kiti na kuanza upya. Mguu wake ulitikisika chini ya meza jioni nzima, lakini hakuinuka mpaka alipoujaribu mfano wa mwisho. Pembeni yake aliandika: "Umegoma."

Shangazi akausoma, akatabasamu, akavuta kiti chake karibu. "Vizuri. Tuutengeneze."